Kidole Gumba cha Verlie

Siri ya Verlie Fauria ilikaa chini ya kidole gumba, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyeiona.

Mambo yenyewe ni hivi. Kwenye baa ya Montreuil, New Orleans, kinywaji hakivuki kaunta kabla aliyekichanganya hajakionja. Unachovya mrija kwenye glasi, unaziba tundu la juu kwa gumba, unanyanyua, unaupeleka mdomoni, unaachia gumba, na kile kidogo kilichonasa kinakudondokea ulimini. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ilikuwa sheria ya Bi Eulalie Montreuil mwenyewe, aliyeirithi kwa baba yake pamoja na kaunta ya mbao nyeusi na mafeni ya darini yanayolalamika kama wagonjwa. "Kisichopita kinywani mwako," alizoea kusema, "hakipiti kwenye kaunta yangu."

Verlie alichovya. Aliziba, akanyanyua, akaweka mrija mdomoni, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza jambo la mbali, kisha akaafiki kwa kichwa. Ila gumba halikuachia. Mrija ulirudi umejaa vilevile ukaenda kwenye sinki.

Alikuwa ameacha pombe, basi. Kuacha pombe na huku unauza pombe ni kama padri aliyeacha kuamini. Ibada inaweza kuendelea, tena vizuri tu, lakini hiyo si habari ya kutangaza ukiwa umesimama madhabahuni.

Na asikudanganye mtu kwamba tone la mrijani si kitu. Verlie aliwahi kuacha Kwaresima nzima. Jumapili ya Pasaka akaachia gumba mara moja tu, kwa adabu ya kazi, juu ya glasi ya mteja. Kitu kilichofuata anachokikumbuka ni alfajiri, yumo ndani ya gari lake juu ya reli za tramu, injini inanguruma, na dereva wa tramu anagonga kioo polepole kama mtu anayeamsha mtoto. Kati ya ile glasi na kule kugongewa kioo palikuwa na siku mbili ambazo mpaka leo hajui zilikwenda wapi. Tangu hapo akajua kwamba kwa watu wengine tone ni tone. Kwake ni mlango, na mlango wenyewe haufunguki nusu.

Kwa hiyo akajifunza kufanya kazi bila ulimi. Alinusa. Alitazama rangi dhidi ya dirisha. Alisikiliza barafu inavyogonga glasi, maana barafu ina maneno yake: ikigonga kavu bado, ikianza kuteleza tayari. Vipimo vikawa mkononi. Wateja hawakugundua kitu. Jaji Numa, mstaafu mwenye kofia ya majani anayekalia kiti kilekile tangu enzi za mumewe Bi Eulalie, aliwahi kusema mkono wa Verlie umekuwa mtulivu siku hizi, akauliza kama amepata mchumba.

"Nimepata usingizi, mheshimiwa," Verlie alijibu.

"Huyo ni bora kuliko mchumba. Mshikilie."

Sasa hiyo Ijumaa yenyewe.

Ijumaa mjini pale chakula cha mchana huanza mchana, lini kinaisha usiulize. Meza zilijaa mawakili waliolegeza tai, akina mama wenye kofia pana, sahani za chaza, mabakuli ya mchuzi mzito wa gumbo, na kelele ya watu walioamua kwamba ofisi haipo tena duniani. Joto la Agosti lilikuwa limekaa mlangoni kama mdai. Na Bi Eulalie alikuwa amekuja mwenyewe, na fimbo yake na kofia yenye unyoya, akakaa kwenye kiti kirefu katikati ya kaunta badala ya meza yake ya kawaida. Kila mtu akajua maana yake.

Nyonga zilikuwa zimemshinda. Alikuwa anahamia mji wa Mobile kwa dadake, kwenye nyumba isiyo na ngazi, na kabla ya kuondoka alitaka kukabidhi kona. Kona ni ule mwisho wa kaunta ulio dirishani. Anayesimama kona ndiye anayeamua chupa gani inunuliwe, nani aajiriwe, nani afukuzwe, na mlevi gani apewe maji badala ya anachotaka. Walioitamani walikuwa wawili, Verlie na mchanganyaji mwenzake, Percy Gautreau. Na namna ya kukabidhi kona pale Montreuil ni moja: kila mmoja anamchanganyia mwenye baa glasi ya sazerac, kinywaji cha wiski cha mji ule, mbele ya watu wa Ijumaa, mwenye baa anakunywa, kisha anasema.

Verlie aliitaka kona kuliko Percy alivyoitaka, na kwa sababu ambayo Percy asingeiotea. Mwenye kona haulizwi na mtu kama ameonja. Hana wa kumtazama mkono. Akishika kona atawaachia wengine mirija, yeye atakuwa na chupa na hesabu za stoo, na ile ibada ya uongo itakwisha. Ilibaki glasi moja tu ya kudanganyia. Moja, mbele ya baa nzima.

Alikwenda chumba cha baridi kuchukua barafu nzito. Aliporudi alimkuta Percy upande wake wa kaunta, anafuta mikono kwa taulo.

"Umepotea njia?" Verlie alimuuliza.

"Nakupangia chupa, dada yangu. Leo siku kubwa."

Percy ni mtu wa mizaha. Ndiye aliyewahi kujaza chupa ya pombe ya jini maji matupu akamwacha wakili mmoja anywe jioni nzima na kuimba njia yote ya kwenda kwake. Verlie alizitazama chupa zake. Zote zilikuwa mahali pake. Wiski ya nafaka ya rai, kichupa cha matone machungu ya viungo, kile kinywaji cha kijani chenye harufu ya shamari, chupa ya shira ya sukari. Alizinusa haraka haraka. Kila moja ilinukia jinsi inavyotakiwa kunukia, na shira haina harufu.

"Ulimi wako mzima?" Percy alimwuliza, taratibu, bila kucheka.

"Kwa nini usiwe mzima?"

"Nauliza tu." Macho yake hayakuwa usoni mwa Verlie. Yalikuwa kwenye kidole gumba.

Hapo Verlie akalikunja gumba ndani ya kiganja. Amejua. Au hajajua lakini anatafuta. Na sasa hakuna pa kwenda, maana Bi Eulalie ameshagonga kaunta kwa fimbo na watu wa meza za karibu wamegeuza viti.

Percy alianza. Alifanya vizuri, kusema kweli. Alionja kwa mbwembwe, akaachia gumba watu wakaona, akalamba midomo.

"Bi mkubwa, usikinywe chote," alisema akiisukuma glasi. "Utanikabidhi mpaka nyumba."

"Nyumba ina mchwa, Percy. Nikikupa nitakuwa nimekuadhibu." Bi Eulalie alikunywa, akanywa tena. "Kizuri. Kinajipenda kidogo, kama mwenyewe." Watu wakacheka. "Haya, Verlie."

Verlie alidondosha kile cha kijani kidogo ndani ya glasi, akairusha juu huku inazunguka ili ukuta wote wa ndani ulowe. Jaji Numa aliinua kichwa kuifuata. Ikarudi kiganjani. Kilichobaki chini akakimwaga, harufu ikabaki. Kwenye glasi nyingine kubwa akapima rai, akaweka shira, akadondosha matone, akatia barafu, akaanza kukoroga. Baa ilitulia kiasi kwamba aliisikia barafu vizuri. Kavu. Kavu bado. Sasa inateleza.

Akachuja. Akachukua mrija.

Alichovya, akaziba, akanyanyua. Alijua Percy anatazama, kwa hiyo aligeuza mkono kidogo ili vidole vifunike gumba. Mrija ukagusa midomo. Akafumba macho. Akaafiki kwa kichwa, na mrija ukaenda kwenye sinki umejaa. Akakamua ganda la limau juu ya glasi, akalitupa, akaisukuma glasi mbele.

Bi Eulalie akanywa.

Uso wa mwanamke yule haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Verlie. Mtu akinywa kizuri kuna kitu hulegea. Akinywa kibaya kuna kitu hujikunja. Bi Eulalie aliiweka glasi chini polepole, akakunja mikono juu ya fimbo yake.

"Umekionja?"

"Nimekionja, Bi Eulalie."

"Kikoje?"

"Kiko sawa."

"Kiko sawa," mama yule alirudia, kama anayeonja neno lenyewe. "Jaji, hebu."

Jaji Numa aliivuta glasi, akanywa, akaiweka chini haraka, akatoa leso.

Kichwa cha Verlie kikaanza kukimbia. Nini? Rai ni ileile, ameinusa. Rangi ni ileile. Matone aliyahesabu. Alimtazama Percy, na Percy alikuwa ameacha kutabasamu, anatazama sakafu. Kuna kitu ndani ya glasi ile, kila mtu anakijua isipokuwa aliyekichanganya.

"Labda matone yamezidi kidogo," Verlie alisema.

"Labda?" Bi Eulalie alisema. "Mtu aliyeonja hana labda, mwanangu."

Glasi ikarudi. Ikateleza juu ya mbao nyeusi mpaka mbele ya Verlie ikasimama. Bi Eulalie alinyoosha mkono kwenye kikombe cha mirija akachomoa mmoja yeye mwenyewe, akamshikisha.

"Onja. Hapa, nikikuona. Mkono usiugeuze."

Kwenye meza ya karibu mtu aliacha kutafuna. Verlie alichovya mrija. Akaziba. Akanyanyua. Akausogeza mdomoni.

Kinywaji kilikuwa karibu na pua sasa. Shamari, limau, na chini yao ile rai, yenye moto na mkate uliokaangwa na kitu kama mbao za nyumba ya zamani. Mate yalimjaa mdomoni bila kuombwa. Mwili hausahau, bwana. Mwili ni kama mbwa: mfukuze mwaka mzima, siku ukimwita mara moja anakuja anatingisha mkia. Na sauti ikaanza, sauti yake mwenyewe, ya busara kabisa. Ni tone. Ukiachia gumba utajua kosa ni nini, utalitaja, watasema kumbe ilikuwa bahati mbaya, utapata kona, na hutaonja tena maisha yako yote. Tone moja la kununua maisha bila tone. Nani angekataa biashara hiyo?

Alijua ile sauti. Ndiyo iliyoongea Jumapili ya Pasaka, kwa busara hiyohiyo.

Mrija ukagusa ulimi. Gumba likaanza kulegea. Alilihisi likilegea, kama linavyolegea lenyewe, kama si lake.

Akautoa mrija mdomoni, akauacha udondoke ndani ya glasi na kila kitu chake.

"Sinywi, Bi Eulalie."

"Hunywi hiki?"

"Sinywi. Chochote. Tangu Pasaka ya mwaka jana. Mirija yote hiyo unayoniona naonja, sionji. Naziba."

Watu wakaanza kurudisha nyuma hesabu za kila glasi waliyokunywa tangu Pasaka ya mwaka jana.

"Ni chumvi," Percy alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amelishusha taulo begani, analikunja mikononi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nimetia maji ya chumvi kwenye chupa yake ya shira. Nilishauona mrija wake unarudi umejaa. Nikadhani ulimi umemfia, Bi mkubwa. Kama yule mpishi wa mtaa wa nyuma aliyeugua homa, akawa anakoleza supu kwa kubahatisha. Nikasema nisimchongee, maana kuchongea ni aibu. Nikasema acha glasi iseme yenyewe, tucheke kidogo, halafu aende kwa daktari."

"Na hukufikiria," Jaji Numa aliuliza, leso bado mkononi, "kwamba huenda ameacha?"

Percy alimtazama kwa uso wa mtu asiyeelewa swali. "Ameacha nini?"

Na hakuwa anatania. Alizaliwa juu ya baa na kulelewa chini ya baa. Kwamba mtu anaweza kufa ulimi, hilo aliliona. Kwamba mtu mwenye ulimi mzima anaweza kusimama mbele ya chupa zote zile asizitake, au azitake na asiziguse, halikuwahi kupita kichwani mwake hata kwa bahati mbaya.

Bi Eulalie aliimwaga ile glasi ya chumvi kwenye sinki kwa mkono wake. "Chupa mpya ya shira," alisema. "Verlie, changanya tena. Bila mrija."

"Bi Eulalie, kwa kweli..."

"Changanya."

Alichanganya. Mikono ilijua njia. Glasi haikurushwa juu safari hii, aliiviringisha tu kiganjani. Mama yule akanywa, akafikiri.

"Matone yamezidi kweli," alisema. "Moja. Zamani usingekosea hivyo."

"Zamani nilikuwa nakosea kufika kazini."

Jaji Numa alikohoa kicheko ndani ya leso. Bi Eulalie hakucheka.

"Mmenichezea nyote wawili. Percy umetia mkono kwenye chupa ya mwenzio. Baba yangu angekutoa mlangoni kwa kola ya shati. Na wewe Verlie, umeniangalia machoni kila siku ukanionyesha mrija ulioziba. Kama ungeniambia Pasaka, ningefikiri. Hukuniachia nafasi ya kufikiri." Aligeuza fimbo mkononi. "Anayeshika kona lazima aweze kusema chupa hii nzuri, hii mbovu, hii tununue, hii tusinunue. Kwa pua utafika nusu ya njia. Chumvi imekupita leo. Kesho itakupita ipi?"

Verlie alitafuta jibu. Lilikuwepo jibu zuri, ila la uongo.

"Sijui," alisema.

"Basi kona ni ya Percy. Na usitabasamu, Percy, ningekuwa na wa tatu ningempa wa tatu. Kuanzia sasa glasi yoyote anayochanganya Verlie unaionja wewe. Kila moja. Na ukiigusa tena chupa ya mtu, hata kuifuta vumbi, unakwenda kuishi na mchwa wa nyumba yangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kona ikaenda. Verlie aliitazama ikienda, hatua chache tu upande wa dirisha, na ilimuuma kuliko alivyodhani ingemuuma, maana alikuwa ameshaipangia kila kitu mpaka ndoo ya maua. Lakini meza zilikuwa zimejaa na watu wana kiu, na kiu haingoji mtu amalize kulia. Akaanza kuchanganya. Kila glasi aliyoimaliza aliisukuma kwa Percy, Percy akachovya, akaachia gumba, akasema, "Sawa," au "Limau zaidi," ikaenda.

Baada ya meza chache watu waligundua mchezo. Akina mama wenye kofia wakaanza kuagiza kwa Verlie makusudi. Mawakili nao. Percy alionja zake na za Verlie, matone juu ya matone, na matone mengi si matone tena. Mashavu yakaiva. Kufika wakati wa kahawa alikuwa anasema "Shawa" badala ya "Sawa" na ameegemea kona yake mpya kwa viwiko viwili, kama mtu aliyekabidhiwa meli inayoyumba.

"Dada," alimnong'oneza Verlie, "unafanyaje? Yaani siku nzima. Unafanyaje?"

"Leo sikufanya vizuri sana."

"Nisamehe ile chumvi."

"Chumvi nimekusamehe. Kona bado."

"Haki," Percy alisema, na akaenda kutafuta mkate.

Meza zilianza kupungua. Bi Eulalie alikuwa hajasogea kwenye kiti chake. Alikuwa ameagiza sazerac ya pili kutoka kwa Percy na alikuwa anainywa taratibu, glasi iko mbele yake, karibu na ukingo wa ndani, karibu na mikono ya Verlie aliyekuwa anafuta kaunta.

"Ulikaribia?" aliuliza, kwa sauti ya wao wawili.

Verlie aliendelea kufuta. "Nilikaribia."

"Sana?"

"Kama ungesema neno lolote pale, Bi Eulalie. Hata jina langu. Ningeachia."

Mama yule ndiye aliyemshikisha ule mrija, na wote wawili walijua. Alitazama glasi yake, akaishika, akaivuta kwenye kaunta mpaka upande wake wa mbali, nyuma ya pochi, ambako Verlie asingeiona. Nyuma ya Verlie, kwenye rafu, mpaka darini, zilikuwepo chupa nyingine zote za baa ile zinang'aa kwa jua la alasiri. Bi Eulalie hakuonekana kuliona hilo kuwa jambo la kuchekesha, na Verlie hakucheka pia. Alikunja kitambaa chake, akamletea maji.